Rangi ya Kumtumia Mama

Harufu ya nta iliyopata moto haifanani na nyingine. Si ya mshumaa, maana mshumaa una utambi na moshi. Hii ni nzito, tamu kidogo, kama pipi iliyosahauliwa juani ndani ya mfuko wa sare. Juzi Anti aliacha kreyoni nyekundu juu ya printa, pale nyuma panapopata joto, na harufu hiyo iliponifikia nilikuwa nimeinama nikipanga karatasi. Nilipoinua kichwa nilikuwa mtoto wa nasari tena, nimesimama kwenye kibanda hiki hiki, nikitazama kitu nilichokifanya.

Naandika habari hii mchana, wateja wanapopungua. Mtu akija naacha, akienda naendelea. Kwa hiyo inakwenda polepole.

Kibanda chetu kiko Mowlem, mashariki mwa Nairobi, kando ya barabara ya vumbi inayoshuka kuelekea mtoni. Kina mabati ya bluu, kompyuta moja, printa moja inayopiga pia fotokopi, na kiti cha plastiki cha mteja. Anti alikianzisha baada ya mgongo wake kukataa kazi ya kubeba nguo sokoni Gikomba. Alisema nguo zinataka mgongo, karatasi zinataka macho tu. Nikimkumbusha maneno hayo siku hizi, hucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili haujarudi tangu apatwe na kiharusi.

Anti ni mdogo wake mama yangu. Mama alienda Saudia kufanya kazi za nyumbani nikiwa bado nabebwa mgongoni, akaniacha naye. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto anayeonekana naye, na mtoto aliyeonekana na Anti nilikuwa mimi. Wakamwita Mama Mercy. Muuza mboga alimwita hivyo, mlinzi wa ploti alimwita hivyo, hata mchungaji alimwombea kwa jina hilo. Yeye aliitika. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa mtoto wa kuficha uso kwenye sketi ya mtu, sisemi na wageni, lakini kwa jambo hilo moja nilipata sauti.

"Si mamangu," niliwaambia. "Ni anti. Mamangu yuko Saudia."

Wateja walicheka. "Haya basi, anti ya Mercy, tupigie fotokopi." Anti naye aliinua kifuniko cha mashine, akalaza kitambulisho cha mtu kwenye kioo, akabonyeza. Nakumbuka mgongo wake tu, na taa ya kijani ikipita chini ya kifuniko.

Mama alikuwa anakuja kwa karatasi. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Simu ya Anti ilikuwa ya kazi, kioo chake kimepasuka, na haikuwa kitu cha kushikwa na mtoto. Mama alipotuma picha, Anti aliihamishia kwenye kompyuta, akaipunguza hapa na pale, kisha akaichapa ili nipate kitu cha kushika. Printa ilinguruma, ikanyamaza kama inayowaza, kisha mama akatoka kidogo kidogo, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi mabegani. Karatasi ilikuwa na joto. Niliiweka shavuni kabla haijapoa, kwa sababu niliamini joto hilo ni lake.

Printa yetu ilikuwa ya wino mweusi peke yake, na hadi leo ni hiyo hiyo. Mama alitoka mweusi na mweupe na kijivu. Nguo yake ilikuwa kijivu, ukuta nyuma yake kijivu, maua kwenye meza kijivu. Sikujua kwamba mashine ndiyo isiyo na rangi. Nilidhani ni huko aliko. Nilidhani Saudia ni mahali ambapo rangi hazijafika, kama vile kwetu maji yalivyokuwa hayafiki siku nyingine, na watu wanazoea tu.

Hilo halikunisumbua mpaka nilipobeba picha moja shuleni. Nasari yetu ilikuwa vyumba vya mabati nyuma ya kanisa. Wakati wa uji nikaitoa kwenye mfuko nimwonyeshe msichana niliyekaa naye. Kabla hajaiona vizuri, mvulana anayeitwa Brayo akachungulia juu ya bega langu, masharubu ya uji mdomoni.

"Huyu ni nani?"

"Mamangu."

"Amekufa?"

Nikasema hajakufa, yuko Saudia. Brayo akatikisa kichwa kama mzee wa kamati. Babu yake alikuwa amezikwa Desemba huko kwao magharibi, na kila mtu kwenye matanga alipewa karatasi ya programu yenye picha ya babu. "Ilikuwa hivi hivi," akasema. "Haina rangi. Watu wakifa wanatolewa rangi. Uliza mtu yeyote."

Sikuwa na haja ya kuuliza mtu yeyote. Programu za mazishi zilichapwa kwetu. Nilikuwa nimekaa chini ya meza ya printa jioni nyingi nikiwaona wazee na akina mama wa kijivu wakitoka kwenye mashine ile ile, rundo kwa rundo, huku jamaa zao wakisimama mlangoni wakipangusa macho. Hata babu yake Brayo huenda alipita hapo. Walikuwa na joto lile lile shavuni. Nikairudisha picha kwenye mfuko, na uji sikuumaliza.

Sikumwambia Anti. Jambo kama hilo, mtoto mwenye aibu hukaa nalo. Ukiliuliza, unaweza kujibiwa.

Muda si mrefu ikaja Februari. Wanaokaa Eastlands wanajua Februari ilivyo: jua linapiga mabati mpaka yanalia, vumbi linaingia kwenye chai, moshi wa jalala la Dandora unashuka na kukaa juu ya kamba za nguo. Kwa Anti ulikuwa pia mwezi wa mioyo. Walimu wa nasari walitaka karatasi za watoto kupaka rangi kwa ajili ya siku ya wapendanao. Ticha Jane, mwalimu wetu, ndiye aliyeanza, kisha wengine wakamuiga. Anti alikuwa na michoro yake kwenye kompyuta: moyo mkubwa wenye mistari minene, dubu ameshika moyo, ndege wawili na moyo katikati. Chini aliongeza neno "Kwa" na vitone vya mtoto kuandika jina. Zilikuwa kazi za kuchosha zenye faida ndogo, lakini zilikuja kwa wingi, na ndizo zilizolipa kodi ya kibanda mwezi huo. Kila mwaka alisema hatazifanya tena.

Ticha Jane alitupa za darasa letu mapema tujizoeze. Kreyoni za darasa zilikaa kwenye kopo la majarini, na nyekundu hazikutosha, kwa hiyo alizikatakata kwa kisu kama mtu anayegawa mhogo. Kila mtoto akapata kipande.

"Mpake ndani ya mstari," akasema. "Msitoke nje. Halafu kila mmoja ampelekee mtu anayempenda, afurahi."

"Ticha, mimi nampenda mbwa wetu," akasema Brayo.

"Basi mpelekee mbwa. Lakini usitoke nje ya mstari."

Mimi sikuipaka hapo. Nilikificha kipande changu kwenye soksi, nikakunja karatasi yangu, nikavirudisha vyote kibandani. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mioyo ile ilikuwa imetoka kwenye mashine ya mama, na haikuwa na rangi, kama yeye. Na sasa mtu mzima, tena mwalimu, ametuambia tuirudishie rangi.

Anti alikuwa anaandaa oda za siku iliyofuata. Joto lilikuwa kali, miguu yake imevimba, ameivua viatu na kuiweka kwenye beseni la maji chini ya meza, huku mikono ikiendelea kupanga karatasi. Mimi nikakaa kwenye gunia pembeni, nikapaka. Nilipaka kwa nguvu. Sikutaka moyo uwe mwekundu tu, nilitaka rangi iwe nyingi, nene kama siagi kwenye mkate, ili mama achote na ibaki. Niliwaza atapaka midomo, kisha nguo, kisha yale maua. Kipande kilipoisha nikasugua kwa kucha vilivyobaki. Kwenye vitone nikaandika MAMA, herufi zikapanda mlima.

Kisha Anti akaenda bombani, maana maji yalikuwa yamefika na foleni haimngoji mtu. "Keti hapo, usiguse kitu," akasema. Nikangoja mtungi wake wa njano upotee kwenye kona. Nilijua karatasi hutokea juu. Kwa hiyo nikaona kwamba huingilia chini. Nikavuta trei, nikalaza moyo wangu juu ya karatasi nyeupe, uso juu, nikaisukuma trei mpaka ikalia kama inavyolia Anti akiisukuma. Kisha nikakaa. Nilikuwa nimemaliza, nikahisi usingizi.

Aliporudi alipangusa mikono, akabonyeza kuchapa oda iliyobaki. Mashine ikameza. Ikanguruma, ikanyamaza, kisha ikatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, kama mtu anayejaribu kutema mfupa. Halafu harufu. Ile ile. Anti akazima ukutani kwa kiganja kizima.

Fundi aliitwa, kijana mmoja mwembamba aliyekuwa anatengeneza simu na redio mbele kidogo. Akafungua mgongo wa mashine, akaangaza kwa tochi, akapiga mluzi.

"Madhe, hii mashine imekula mshumaa?"

"Mshumaa gani?"

"Kuna nta. Imeyeyuka kwa rola, imezunguka yote. Cheki." Akachomoa kwa koleo kipande cha karatasi kilichokunjamana, chekundu, kinachonata. Herufi mbili zilionekana, MA.

Anti aliishika ile karatasi. Alinitazama. Ndara yake ilikuwa pale chini, kando ya beseni, na macho yangu yalikuwa kwenye ndara.

"Mercy. Hii ni nini?"

Nikarudi nyuma mpaka kwenye gunia langu.

"Walimu wanakuja kesho asubuhi. Mashine ndiyo hii moja. Nakuuliza, ulikuwa unafanya nini?"

"Namtumia mama rangi."

Fundi akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Anti hakuinama kuchukua ndara. Alikalia kiti cha mteja. "Rangi ya nini?"

Na ndipo ikatoka yote, kwa kilio, bila mpango: kwamba huko aliko hakuna rangi, kwamba watu wakifa wanatolewa rangi, kwamba babu yake Brayo alikuwa hivi hivi, kwamba mama atakufa asipopata. Nilisema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimesema tangu mwaka uanze. Fundi aliinamia rola na kusugua kwa kitambaa chenye spiriti, akajifanya haelewi Kiswahili.

Anti akapangusa simu yake kwenye leso, akaniita kwa kidole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuishika. Akatafuta, akanipa. "Huyo hapo. Mtazame."

Mama alikuwa na gauni la zambarau. Zulia lilikuwa kijani, kijani cha mboga mbichi, na maua yale ya mezani yalikuwa ya njano. Kulikuwa na rangi nyingi huko kuliko Mowlem nzima. Mama mwenyewe alikuwa wa rangi ya chai, kama mimi, na meno yake yalionekana. Hakuwa amekufa. Na begani mwake, upande ule ambao kwenye karatasi yangu huishia ukingoni, alikuwa amembeba mtoto. Msichana mdogo mwenye nywele laini na gauni jekundu, mkono wake shingoni mwa mama, kama mtu aliyezoea kukaa hapo.

Hapo nikaelewa Anti alikuwa akipunguza nini kila mara kabla ya kuchapa.

"Huyu ni nani?"

"Mtoto wa wenye nyumba. Ndiyo kazi yake, kumlea."

Nikaangalia sana. "Anamwita mama?"

Anti alikuwa anakausha miguu, mmoja baada ya mwingine, polepole. "Sijui," akasema. "Labda anamwita anti."

Sikupigwa siku hiyo. Nadhani alikuwa amechoka mno, na kuchapa mtoto nako ni kazi. Aliirudisha miguu kwenye viatu, na fundi alipofunga mashine akaijaribu. Karatasi zikatoka, lakini kila moja ilikuwa na alama ya waridi, ubavuni, kama mtu aliyepangusa kidole chenye damu. Fundi alisema itaisha yenyewe kadiri zinavyopita. Haikuisha haraka. Anti aliendelea kubonyeza, akizitazama zikitoka, mpaka oda zote zikakamilika, kila moyo na doa lake.

Asubuhi Ticha Jane alizipokea, akazishika mbali na macho. "Mama Mercy, hii nayo ni nini?"

"Hiyo ni rangi ya kuanzia," akasema Anti. "Watoto wamalizie."

Ticha Jane akacheka mpaka akashika mlango, akazichukua. Sikusema "si mamangu." Sikuwa nimesamehe mtu yeyote. Nilikuwa tu nimechoka, kwa mara ya kwanza naweza kusema nilijua kuchoka ni nini. Mwaka huo watoto wa nasari za karibu nasi waliwapelekea mama zao mioyo yenye doa ubavuni, na kwa wiki kadhaa niliiona kwenye milango na juu ya majiko, nikageuza uso.

Kile kipande kilichochomolewa Anti alikipiga picha, akakituma. Jibu la mama lilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Mami, nimeona moyo wako. Umepaka vizuri sana, mami." Nyuma yake mtoto alikuwa analia, akaita kitu kwa lugha nisiyoijua, na mama akakata.

Mama alirudi nikiwa darasa la sita. Akakaa kidogo, akaenda tena, akarudi tena. Siku hizi anaishi Kitale na mume wake, tunasalimiana Jumapili. Ni mtu mpole. Tunakosa la kusema baada ya hali ya hewa. Simlaumu. Nimeishi vya kutosha kibandani kujua kazi inaweza kumla mtu akabaki ukingo tu.

Mimi niliishia darasa la nane, na Anti alipoanguka mwaka jana, ilikuwa wazi nani atashika kibanda. Asubuhi namwogesha, namvisha, namleta kwa mkono mpaka kwenye kiti cha mteja. Nikimwacha nyumbani analia. Mkono wake wa kulia ulikuwa kama wa mtu mwingine aliyemwachia aushike. Wale wa mazoezi hospitalini walituambia tumpe kitu cha kufinya na kitu cha kuchora. Mpira aliukataa. Akanionyesha kwa kidevu mchoro wa moyo, kwa maana ilikuwa Februari na oda zilikuwa zimeanza.

Kwa hiyo sasa anapaka zile zinazotoka vibaya. Ananyakua kreyoni kwa ngumi nzima, kama mtoto. Anatoka nje ya mstari kila mara, anaguna, anaanza upya. Joto ni lile lile, vumbi ni lile lile, miguu iliyovimba jioni sasa ni yangu. Kuna siku namtazama nikiwa nimechoka mpaka nashindwa kumhurumia, kisha inapita, mteja anaita.

Juzi, kreyoni ikiwa imeyeyuka juu ya mashine na mimi nikiikwangua kwa rula, Ticha Jane akaja kuchukua za mwaka huu. Amezeeka, anatembea na mwavuli wa jua. Akasimama mlangoni.

"Mercy, na mama anaendeleaje?"

"Mama anaendelea," nikasema. "Leo amemaliza moyo mzima."

Nilikuwa nimeshageuka kumtafutia bahasha niliposikia kiti kikilia. Anti alikuwa anajivuta mbele. Alinyoosha ule mkono wa kulia, na karatasi ndani yake. Nyekundu ilikuwa nene, imemwagika pande zote, hata vitone vya jina haviwezi kuonekana. Alihangaika na mdomo mpaka maneno yakatoka, moja moja.

"Hii yako," akasema. "Usiweke kwa mashine."

Nimeibandika ukutani juu ya swichi, mbali na joto.